Fainali ya Baba na Mkwe Wake

Kwa Changawa, nyuma ya soko,
Garsen, Tana River.
Jumapili, 14 Desemba 2025

Mpendwa Shangazi Josephine,

Kabla ya salamu, nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu yeyote, hata dada yangu Mbeyu: mimi huwatazama watu miguu. Nikizungumza na mtu siwezi kumwangalia usoni, macho hushuka yenyewe, na huko chini nimejua mambo mengi ambayo wenyewe hawajui kama nayajua. Mwezi uliopita nilijua, kwa kuangalia kidole gumba cha mguu, kwamba Jefwa, mchumba wa Mbeyu, alijiacha makusudi ashindwe na Baba kwenye mchezo wa snuka. Nikaliweka moyoni. Jana limenitoka mbele za watu, na ndiyo sababu nakuandikia badala ya kupiga simu. Kwenye simu maneno hunikimbia.

Sasa salamu, maana Mama akijua nimeanza barua na miguu atanikemea. Hujambo, Shangazi? Mgongo umepoa, au bado unakusumbua ukiwainua wale wazee wa kazini kwako? Uliwahi kuniambia kwamba huko Sheffield mwezi huu jua hutua saa kumi alasiri. Tangu hapo najiuliza kuku wa huko hulala saa ngapi, au hawana kuku. Naomba unijibu hilo.

Sisi tu wazima. Mama alishikwa na malaria, amepona na ameanza kunituma tena. Joto ni kali na mbu hawana adabu. Shule zimefungwa. Matokeo yangu ni mazuri isipokuwa Kemia, ambayo naomba tusiizungumzie.

Ulimwuliza Baba kwenye ujumbe wako hiyo ligi ni kitu gani, naye akakujibu, "Mchezo tu." Shangazi, si mchezo tu. Acha nikueleze.

Adow, mwenye duka la vifaa vya ujenzi na baba wa rafiki yangu Hamdia, alinunua meza kubwa ya snuka hoteli moja ya Malindi ilipofungwa. Ilikuja juu ya lori la saruji, vipande vipande. Je, ulijua kwamba chini ya kile kitambaa cha kijani kuna jiwe? Jiwe kabisa, lililochongwa likawa sawa kama maji yaliyotulia. Wanaume waliolibeba walisema wangejua wangeomba chai kwanza. Adow aliiweka meza kwenye ghala lake, akaandika ukutani: hakuna kamari, hakuna miraa, hakuna matusi.

Mwaka huu chama cha snuka cha pwani kimeanzisha ligi ya kulipwa. Kila eneo lina kundi lake. Kila mchezaji hucheza na kila mwenzake, kisha wanne wa juu huingia kwenye mchujo, na atakayeshinda mchujo hupata nafasi ya kucheza Mombasa msimu mzima, analipwa, analala na kula kwa gharama ya ligi. Nafasi ni moja tu kwa upande wetu wote huu, kutoka Ndera mpaka Chara.

Wewe unayajua ya Baba kuliko mimi. Mama ndiye aliyenisimulia kwamba ujanani alikuwa akipanga mipira ya wageni pale hotelini Malindi, akajifunza kwa kuwatazama, mpaka wenye klabu wakataka kumpeleka Nairobi kushindana. Halafu Babu akafariki, Baba akarudi shambani. Yeye mwenyewe hajawahi kutuambia. Ila fimbo yake ya snuka imekaa juu ya kenchi miaka yote hii, imefungwa kwa leso kuukuu ya Mama, na sisi watoto tulikatazwa kuigusa bila kuambiwa ni ya nini. Meza ya Adow ilipofika, Baba aliacha pampu aliyokuwa akiitengeneza, akaenda kusimama mlangoni pa ghala, mikono nyuma. Hakuingia siku ile. Alitazama tu.

Jefwa ni kijana wa Kulesa, hutengeneza simu. Baba ndiye aliyemfundisha kushika fimbo. Mama husema Jefwa alikuja kujifunza snuka akapata mchumba. Mbeyu husema alikuja kwa ajili yake akapata snuka. Vyovyote vile, wazee wake wameshapiga hodi kwetu, na ujio mkubwa utakuwa baada ya Krismasi.

Sasa nirudi kwenye kidole gumba. Mimi na Hamdia hukaa dukani kumsaidia baba yake kupima misumari, na dukani kuna dirisha la wavu linaloangalia ghala. Jefwa hucheza na ndara. Nimegundua kwamba akilenga kwa nia, kidole gumba cha mguu wake wa kushoto hujikunja, kama kinashika kitu. Akicheza mzaha, kinalala. Hakikosei. Siku alipokutana na Baba kwenye mechi za kundi, kilikuwa kimelala kama mtu aliye kwenye jamvi, na Baba akashinda.

Lakini niliona na jambo la pili, nalo ndilo lililonisumbua zaidi. Baba alikuwa amekaa kwenye kiti kichwani mwa meza. Snuka ni mchezo wa kuinama. Na wewe unajua heshima za kwetu, Shangazi: mkwe hampi baba mkwe mgongo, sembuse kumwinamia akiwa amempa mgongo. Kwa hiyo kila shuti ambalo lingemfanya Jefwa ainame kinyume na kile kiti, aliliacha. Alizunguka meza nzima kutafuta shuti jingine baya zaidi. Nikabaki najiuliza: ameshindwa kwa kutaka, au ameshindwa kwa sababu ya kiti?

Jioni nilimwuliza Mama tukichagua mchele.

"Mama, mkwe anaweza kumshinda baba mkwe?"

"Kumshinda nini?"

"Chochote tu."

"Kuna watu wengine wa kushindana nao. Toa mawe hapo."

Mchujo ulipofika, Baba alimtoa Josiah wa Ndera. Jefwa akamtoa Liban, mpwa wa Adow, ambaye ana mdomo kuliko fimbo. Liban alitoka akisema, "Fainali imekuwa ya familia. Leteni pilau basi, na sisi tule."

Nyumbani hakuna aliyecheka. Baba aliishusha fimbo yake, akaipangusa polepole, akamwambia Mama, "Safari hii simwachii mtu." Sijawahi kumsikia Baba akitaka kitu kwa sauti. Mbeyu naye alinifuata jikoni, macho mekundu. Alisema Jefwa akishindwa hatapata nafasi nyingine kama hii, na akishinda hajui ataingia kwa sura gani nyumba hii siku wazee watakapokuja. Nilimpa kitunguu akate, angalau apate sababu ya machozi.

Jana Jumamosi, baada ya swala ya alasiri, ghala lilijaa. Ndipo refa wa kutoka Malindi akapiga simu kwamba ana homa, hawezi kuja. Watu wakaanza kulalamika. Hamdia, bila kuniuliza, akasema, "Dama anazijua sheria zote. Amezisoma kwenye simu yangu mpaka chaji ikaisha."

Adow akanigeukia. "Huyu? Huyu hata salamu yake mimi sijawahi sikia."

"Si vizuri, Aabo?" Hamdia akamwambia baba yake. "Hatapiga kelele."

Adow akafikiri. "Mmoja baba yake, mmoja shemeji yake. Akitaka kupendelea, atapendelea nani? Haya, mpeni glovu."

Nilipewa glovu za kubebea vioo, zikanipwaya. Baba alisema, "Sawa." Jefwa aliitikia kwa kichwa. Shangazi, watu wote walinigeukia mimi, niliyezoea kutazama miguu ya wengine.

Nikueleze sheria moja ili uelewe yaliyofuata. Kuna wakati mpira mweupe, ule unaogongwa kwa fimbo ili ugonge mingine, hujificha nyuma ya mpira mwingine, na mchezaji hawezi kuupiga moja kwa moja ule anaotakiwa kuugusa. Ni lazima agonge ukingo wa meza kwanza ili aufikie. Akiukosa, ni faulo, mwenzake anapewa pointi. Lakini refa akiona kwamba hakujitahidi kama anavyoweza, huongeza neno la pili. Sisi hapa tulikubaliana neno hilo liwe "rudia". Hapo mwenzake ndiye anayechagua: acheze mipira ilipofika, au mipira irudishwe ilipokuwa na yule aliyekosa apige tena. Nilipoisoma sheria hiyo mara ya kwanza nilishangaa sana. Ni mchezo gani mwingine unaompa mtu adhabu kwa kutojitahidi?

Fainali ilikuwa ya fremu tatu, yaani michezo mitatu, na atakayechukua miwili ndiye mshindi. Baba alikaa palepale kichwani mwa meza, na Jefwa akaanza kuzunguka.

"Jefwa, unacheza au unatafuta njia ya Kulesa?" Liban akauliza. Baba alichukua fremu ya kwanza bila jasho.

Nikakumbuka kwamba sheria zinampa refa ruhusa ya kuwaondoa watu walio kwenye njia ya mchezaji. Nikasema, "Baba, naomba usogee kule kwenye kona, nyuma ya nguzo."

"Kwani nazuia nini?"

"Refa anaomba."

Watu walicheka. Baba alibeba kiti chake mwenyewe, akaenda kukaa nyuma ya nguzo ya zege, yakaonekana magoti yake tu. Na Jefwa akawa mtu mwingine. Aliinama popote alipotaka. Kidole kilijikunja kila shuti. Fremu ya pili ilikuwa yake hata kabla sijazoea glovu, na watu wakapiga makofi. Basi nikapata jibu langu: kiti kilikuwa na sehemu yake.

Lakini yale makofi yalimharibu. Aliyatazama yale magoti ya Baba nyuma ya nguzo, na nilimwona akikumbuka yeye ni nani pale. Fremu ya tatu, kidole kikalala.

Ilifika mahali mipira mitatu tu ilibaki ya kutia mfukoni: bluu wa pointi tano, waridi wa sita na mweusi wa saba. Baba alikuwa mbele kwa pointi sita. Akaupiga mweupe ukaenda kujificha nyuma ya ule wa waridi, vizuri kabisa, na ilikuwa zamu ya Jefwa kuutafuta wa bluu. Nimemwona akiupiga mpira wa namna hiyo mara nyingi akiwa peke yake. Aliinama, kidole kimelala, akaupiga mweupe ukapita mbali na bluu kiasi kwamba hata Hamdia, asiyejali snuka, alifyonya.

"Faulo," nikasema. "Tano kwa Baba." Nilitakiwa kutaja jina, lakini ningewezaje kumwita baba yangu Changawa mbele ya kadamnasi?

Hapo nilikuwa na uwezo wa kunyamaza. Nataka uelewe hivyo, Shangazi. Mweupe ulikuwa umegonga kingo na kurudi kusimama pazuri, na bluu ilikuwa karibu na mfuko wa meza. Baba angeupiga, angemaliza, angekwenda Mombasa. Ningepata kumwona akipata kile kitu alichokifunga kwenye leso kabla mimi sijazaliwa. Nani angenilaumu? Watu watasema kilichonifungua mdomo ni haki. Si haki. Nilitaka kujua. Nilikuwa nimewatazama hawa wawili wiki zote zile, na sikujua bado nani kati yao ni bora.

"Rudia," nikasema.

"Si amejaribu, jamani?" Liban akasema.

"Kimya," Adow akamwambia. "Refa amesema."

Baba akatoka nyuma ya nguzo. "Rudia kwa nini?"

"Hakupiga kama anavyoweza."

Jefwa hakuinua uso. "Baba, nimejaribu. Endelea tu."

Baba aliutazama ule mpira wa bluu ulivyokaa. Kisha akasema, "Rudisha mipira, Dama."

Nikairudisha. Jefwa akapiga tena, kidole kimelala, akakosa tena.

"Faulo. Tano. Rudia." Safari hii sauti yangu ilifika dukani.

Sasa Jefwa alikuwa nyuma kwa pointi kumi na sita, na mezani zilibaki kumi na nane. Akikosa tena, pointi zilizobaki hazitamtosha, na sheria haina tena "rudia" kwa mtu aliyefika hapo. Ilikuwa mwisho. Baba angeweza kusema aendelee yeye. Hakusema. Alimsogelea Jefwa.

"Jefwa."

"Naam, Baba."

"Unanipa hiki kitu kama mgonjwa anavyopewa uji."

"Hapana, Baba."

"Nimekufundisha mimi kupiga hivyo?"

Jefwa akaangalia ndara zake.

"Cheza nami. Ukinishinda, nitajua nimeshindwa na nani. Ukiniachia, wazee wako wakija nitawauliza kwa nini wameniletea kijana anayeniona mimi nimekwisha." Akanigeukia. "Rudisha."

Nikairudisha mipira. Jefwa akavua ndara, akaziweka kando, akaikanyaga saruji miguu mitupu. Akainama. Kidole kikajikunja mpaka ukucha ukawa mweupe.

Mweupe uligonga ukingo, ukarudi, ukaugusa wa bluu kama mtu anayempigia jirani hodi.

Zamu ikawa ya Baba. Bluu ilikuwa ngumu lakini inawezekana. Baba alijaribu, Shangazi. Najua kwa sababu alitoa ulimi kidogo, kama anavyofanya akikaza nati ya pampu. Mpira ulifika mdomoni mwa mfuko, ukatikisika, ukabaki nje. Jefwa akautia mfukoni. Akatia na wa waridi. Ukabaki mweusi peke yake.

Na mweupe ulisimama vibaya. Si vibaya kwa mchezo, vibaya kwa ukweni. Baba alikuwa hajarudi nyuma ya nguzo, alikuwa amesimama karibu na mlango, na kwa shuti lile Jefwa hakuwa na namna ila kuinama akiwa amempa mgongo kabisa. Hakukuwa na shuti jingine la kutafuta. Jefwa aligeuka akamtazama Baba, fimbo mkononi, akasimama hivyo.

Baba akamwona. Akaelewa. Akageuka taratibu akauelekea ukuta, pale palipoandikwa hakuna matusi, akafunga mikono nyuma.

Kwa hiyo Baba hakuuona mpira wa mwisho. Aliusikia tu ukianguka. Watu wote walimngoja.

"Refa?" akauliza, bado anatazama ukuta.

"Fremu na mechi," nikasema. "Jefwa."

Baba akageuka akanyoosha mkono. Jefwa aliupokea kwa mikono miwili na kuinamisha kichwa. Ndipo watu wakapiga kelele, na Adow akasahau kukataza.

Usiku Mbeyu alijificha jikoni asikutane na Baba. Alijisumbua bure. Baba alikula ugali wake wote, akaongeza, na kumweleza Mama, ambaye hajui hata rangi za mipira, kwamba ule wa bluu angeupiga taratibu kidogo. Aliurudia mpira huo mpaka Mama akamwambia alale.

Nina maswali, Shangazi. Ni kweli kwamba huko watu wakitazama snuka hunyamaza kama kanisani? Na marefa wa huko, wakichezesha ndugu zao, hufanyaje? Ukipata siku ya mapumziko, nenda ukatazame mechi moja kwa ajili yangu, uniambie wachezaji wanavaa viatu gani.

Mama anakusalimu sana na anasema usiache kuvaa soksi. Mbeyu anakusalimu, anauliza kama utapata likizo wakati wa harusi. Hamdia anakusalimu ingawa hakujui. Mungu akulinde kwenye baridi hiyo na auponye mgongo wako.

Nilikuwa nimefika hapa, nataka kuifunga barua, Baba akaniita uani. Alikuwa ameshika ile fimbo, imefungwa tena kwenye leso. Akasema, "Mpelekee Jefwa. Za Adow zimepinda, hawezi kwenda nazo Mombasa." Nikamwuliza kwa nini asimpe mwenyewe akija na wazee. Akasema siku hiyo watakuwa na mambo mengine ya kuzungumza.

Nikaichukua. Nilipanda bodaboda hadi Kulesa, nimeishika fimbo mbele yangu kwa mikono miwili, isiguse matawi. Nilimkuta Jefwa kibandani pake anafungua simu ya mtu. Nikamwambia, "Baba amekutumia hii." Aliifungua leso pembe moja tu, akaona ni nini, akaifunga tena. Akanipa maji. Nikanywa, nikarudi nyumbani, nikamwambia Baba kwamba imefika, kisha nikakaa nikamalizia barua hii.

Ni mimi, binti wa kaka yako, ninayekukumbuka kila siku,

Dama